Kukarabati bafu la nyumba ya zamani na watu wa nyumbani: maswali tunayoulizwa kila mara

Nyumba ni ya baba mkwe, iko hapa Jinja, Uganda, ya matofali ya kuchoma, umri wake karibu sawa na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Bafu lilikuwa na sakafu ya simenti nyekundu iliyopasuka, paipu za chuma zenye kutu, na tangi la choo lililoning'inia juu ukutani na mnyororo wake. Tulilifumua na kulijenga upya wenyewe: mimi na mume wangu, shemeji wawili, mjomba mmoja, watoto watatu, na mama mkwe kwenye kiti chake koridoni akitoa amri. Tangu tumalize, kila mgeni anayeingia kunawa mikono hutoka na swali. Majibu yetu ni haya.

Kweli mlifanya bila fundi?

Hapana, na anayekwambia alifanya kila kitu bila fundi mwangalie waya zake za umeme. Tulimlipa fundi bomba siku mbili na fundi umeme siku moja. Kubomoa, kubeba, kuchimba njia za paipu ukutani, plasta, kuzuia maji, taili na rangi tulifanya wenyewe. Kipimo chetu kilikuwa kimoja: kosa likionekana kwa macho, fanya mwenyewe, utalirekebisha. Kosa likijificha ndani ya ukuta au likiweza kuua mtu, mwite mwenye kazi yake.

Tuanzie wapi? Hatujui bafu limeharibika kiasi gani.

Usinunue hata taili moja kwanza. Tumia siku nzima kuliangalia bafu kama daktari.

Asubuhi, kabla mtu yeyote hajagusa bomba, fungua maji kwenye glasi nyeupe. Yakitoka na rangi ya chai kwa dakika moja au mbili, paipu zinaoza kwa ndani. Kisha funga mabomba yote ya nyumba na utazame mita. Mkono mdogo ukiendelea kuzunguka, kuna mahali maji yanatoroka. Mkono wetu ulizunguka polepole sana, tukajidanganya kuwa macho yanatuhadaa.

Chukua mpini wa bisibisi ugonge ukuta na sakafu shubiri kwa shubiri. Plasta iliyoshika hutoa sauti kavu, iliyoachia hulia kama kibuyu. Weka alama ya chaki kila panapolia. Mwisho fungua chemba ya nje, mtu mmoja amwage ndoo ya maji chooni na mwingine achungulie: maji yafike kwa kishindo na yapite. Yakija kwa kusitasita, kuna mizizi au mteremko umekufa, na hilo ni la kushughulikia kabla ya yote.

Paipu za zamani za chuma bado hazivuji. Tuziache?

Toeni. Tulipokata yetu ya nusu inchi, tundu lililobaki katikati ya kutu lilikuwa jembamba kuliko penseli. Ndiyo sababu bafu lilikuwa likitoa maji ya kudondoka na sisi tukiilaumu kampuni ya maji miaka yote hiyo.

Tuliweka paipu za PPR, zile zinazounganishwa kwa kuchomwa. Mashine yake hupashwa hadi nyuzi 260, na paipu ya milimita 20 hukaa kwenye moto sekunde 5 hivi, halafu unaisukuma moja kwa moja bila kuizungusha. Ukiiacha ikaiva kupita kiasi, plastiki hujaa ndani na kuziba njia, na kwa nje kiungo kitaonekana kizuri tu. Kwa sababu hiyo kazi hii tulimpa fundi. Shemeji mdogo alisimama naye siku nzima, na leo angeweza kuifanya mwenyewe, lakini jifunzie kwenye vipande vya kutupa.

Paipu za uani zilifukiwa kabla hata Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, NWSC, halijaundwa mwaka 1972. Usitegemee zipite njia inayokuingia akilini. Chimba polepole, kwa jembe, siyo sururu.

Tunahitaji ruhusa?

Kubadilisha taili, sinki na choo palepale pa zamani ni jambo moja. Kubomoa ukuta, kuongeza chumba au kuhamisha njia ya maji taka ni jambo jingine, na hapo kuna Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013. Nenda kwa mhandisi wa halmashauri yako na mchoro wa mkono na picha kwenye simu, umuulize kabla ya kugusa nyundo. Kuunganisha kwenye bomba kuu la maji taka barabarani msijaribu wenyewe. Hilo ni la NWSC.

Kuna hatari gani kwenye nyumba za umri huo?

Mbili zinazosahaulika. Ya kwanza ni asbesto. Nyumba nyingi za wakati ule ziliezekwa au kuwekwa dari na paipu za moshi za mabati ya simenti ya kijivu yenye nyuzi za asbesto. Ikiwa nzima haikudhuru. Hatari ni vumbi lake, linaloingia mapafuni na kukaa. Usiikate kwa grinda, usiitoboe, usiivunje, watoto wasiichezee. Ikiwa lazima itoke, zungumza kwanza na halmashauri au NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, juu ya namna ya kuitoa na mahali pa kuizika.

Ya pili ni rangi ya zamani ya mafuta kwenye milango na fremu, ambayo huenda ina madini ya risasi yenye sumu. Usiipige msasa mkavu. Ilowanishe, ikwangue, fagia kwa kitambaa kibichi, na mjamzito asikae karibu.

Kila mtu nyumbani anataka kusaidia. Tunawagawaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu simenti haigombani na simenti. Watu ndio hugombana.

Siku ya kwanza kulikuwa na watu watano ndani ya chumba cha mita 2.4 kwa 1.8, kila mmoja na nyundo. Mjomba alikuwa akibomoa ukuta ambao hatukukusudia kuubomoa. Mama mkwe aliita kutoka koridoni: "Nyie, hilo ni bafu au uwanja wa ngumi?" Tukasimama, tukanywa chai, tukaandika kwenye mlango kwa mkaa: ndani watu wawili tu. Mmoja anapiga, mmoja anazoa. Wengine nje wanachunga mchanga, wanachota maji, wanasafisha taili za kubaki.

Watoto wana kazi za kweli, usiwape za kubembeleza. Wetu walihesabu taili, walishika kamba ya kupimia, waliosha karai na mwiko kabla simenti haijakauka. Hiyo ya kuosha mwiko ndiyo iliyookoa vifaa vyetu. Binti yetu wa miaka 12 ndiye aliyekuwa na jicho la pimamaji kuliko watu wazima wote, na baada ya wiki hakuna taili iliyopita bila yeye kuinama na kusema "imelala" au "imeinuka".

Na wekeni msemaji mmoja. Kwetu alikuwa mume wangu kwa ujenzi, mimi kwa pesa. Shemeji akiwa na wazo jipya saa kumi jioni, wazo lilisubiri chai ya asubuhi. Mengi hayakuamka.

Mpishi ahesabiwe kama fundi. Siku ya zege anayepika posho na maharagwe ya watu tisa hajapumzika, na asiulizwe kwa nini hakubeba mchanga.

Tutaoga wapi muda wote huo?

Uani. Mabati manne, nguzo nne, mawe bapa chini, ndoo na kata. Choo tuliazima kwa jirani, na jirani huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuoga kwenye bafu jipya. Deni ni deni.

Ni shilingi ngapi?

Sitaandika bei, kwa sababu mtu atakuja kunishika nayo baada ya miezi sita. Nitasema mgawanyo tu. Watu hudhani pesa huishia kwenye taili. Kwetu, vitu visivyoonekana sasa, yaani paipu, koki, trapu ya kuzuia harufu, dawa ya kuzuia maji, waya na mchanga, vilikula zaidi ya taili. Ukikuta bajeti yako imekaa kinyume, rudi uitazame.

Mchanga upi, simenti ipi?

Kwa plasta na sakafu tulitumia mchanga wa ziwa, uliochungwa. Mchanga wa shimo huja na udongo. Jaribu hivi: chupa ya kioo, nusu mchanga, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa, acha saa chache. Tabaka la tope likikaa nene juu ya mchanga, mrudishie mwenye lori.

Simenti ya kilo 50 yenye nguvu ya 32.5 inatosha kwa plasta na taili, hakuna haja ya kulipia 42.5 kwa kazi hii. Chunguza mfuko: ukiubinya pembeni ukakuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, umeshalala muda mrefu. Plasta tulichanganya simenti moja kwa mchanga nne. Muhimu kuliko vipimo ni kumwagilia: siku 7 mfululizo, asubuhi na jioni, kazi ya watoto tena.

Maji yanatuama pembeni hata baada ya kufagia. Kwa nini?

Sakafu haina mteremko, au ina mteremko wa kwenda mlangoni. Lenga sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita, kuelekea trapu ya sakafuni. Funga kamba kutoka pembe nne hadi kwenye trapu kabla ya kumwaga, na uifuate hiyo kamba, siyo jicho. Paipu ya inchi 4 ya choo nayo ipewe sentimita mbili na nusu kwa mita. Nyingi zaidi si bora: maji hukimbia na kuuacha uchafu nyuma.

Taili si zinazuia maji zenyewe?

Hazizuii. Taili haipitishi maji, lakini mistari kati ya taili hupitisha, kidogo kidogo, kila siku, miaka. Kinachozuia ni dawa inayopakwa chini yake, ile ya unga wa simenti na maji yake meupe. Paka mikono miwili, yaani tabaka mbili, wa pili ukikatiza wa kwanza, sakafu nzima, na panda ukutani sentimita 20. Pale pa kuogea panda hadi mita 2. Kwenye kona zote na kuzunguka trapu laza kitambaa cha neti ndani ya mkono wa kwanza, kwa sababu bafu huanza kuvuja konani.

Ikikauka, ziba trapu kwa mfuko wa mchanga uliofungwa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), weka tofali mlangoni na simenti kidogo, jaza maji kina cha vidole viwili, piga alama ya penseli ukutani. Ngoja saa 24. Maji yakishuka chini ya alama kuliko jua linavyoweza kunywa, tafuta tundu sasa. Mjomba aliona hii ni mchezo wa kitoto. Siku ya pili maji yalikuwa yamepungua kimo cha kidole kizima, na tundu lilikuwa pembeni mwa paipu ya trapu, dogo kama la sindano.

Kosa kubwa mlilofanya ni lipi?

Skrubu moja.

Tulikuwa tumemaliza. Taili zinang'aa, mistari meupe, watu wamepigwa picha. Mjomba, kwa upendo tu, akaja na fimbo ya kutundikia taulo na kuitundika jioni tulipokuwa sokoni. Alitoboa kwa drili, hakuna kilichotokea, akaondoka akiwa na furaha. Wiki tatu baadaye ukuta wa chumba cha kulala, upande wa pili, ulitoa doa la unyevu lenye umbo la sikio. Skrubu ilikuwa imeingia kwenye paipu na kuliziba tundu lake lenyewe, ikawa inavuja kwa jasho. Tulivunja taili 11.

Kosa halikuwa la mjomba. Lilikuwa letu, kwa sababu hatukupiga picha ya ukuta kabla ya kuufunga. Sasa ninamwambia kila mtu: paipu na waya zikishalazwa, kabla ya plasta, shikeni futi kamba ukutani na mpige picha kila upande, namba zionekane. Kisha pelekeni picha hizo kwa watu wote wa nyumba, na kwa mjomba wa kwanza kabisa. Na paipu zijaribiwe zikiwa wazi. Fundi alizijaza kwa pampu ya mkono akaacha mshale usomwe baada ya chakula cha mchana. Kama hamna pampu, fungulieni maji, ziba ncha zote, mlale, asubuhi mtazame mita.

Tunahesabuje taili?

Bafu letu: kuta zote pamoja mita 8.4, urefu wa kubandika mita 2.1, toa mlango. Inabaki kama mita 16 za mraba. Sakafu ni 4.3. Ongeza asilimia 10 kwa kukata na kuvunja, na kama ndiyo mara yako ya kwanza kukata, ongeza 15. Gundi ya mfuko wa kilo 20 hula mita 4 au 5 za mraba kwenye ukuta ulionyooka.

Nunueni zote siku moja na msome namba ya toleo kwenye kila boksi. Sisi tulipungukiwa boksi moja, shemeji akarudi Kampala, kilomita 80 na kitu, akaleta taili ya jina lilelile na rangi iliyokaribiana tu. Tukaibandika nyuma ya mlango. Mgeni hajaiona bado. Mimi huiona kila siku.

Mnaobandika kwa simenti tupu, taili za ukutani za udongo ziloweke ndoo nzima ya maji kwanza, la sivyo zitanyonya maji ya simenti na kuachia. Za gundi haziloweshwi. Anzeni ukuta safu ya pili kutoka chini, juu ya ubao ulionyooshwa kwa pimamaji, kwa sababu sakafu ya nyumba ya zamani haijawahi kunyooka. Kesho yake gongeni kila taili kwa sarafu. Inayolia kibuyu itolewe mapema.

Choo kielekee wapi?

Kwa Waislamu, wasiotaka kuelekea kibla wakiwa chooni, hili liulizwe kabla ya paipu ya inchi 4 kulazwa, siyo baada. Kutoka Jinja kibla kipo kaskazini, kikiegemea kidogo mashariki. Choo cha zamani kilikuwa kimemtazamisha mtu huko huko miaka yote, na mama mkwe alikuwa akikaa kwa kujipinda. Tulikigeuza robo duara, kikatugharimu kiungo kimoja zaidi na nusu siku ya kuchimba. Hakuna pesa aliyoifurahia kama hiyo.

Hita ya kwenye bomba la kuogea ni salama?

Ikifungwa sawa, ndiyo. Hita ya wati 5,500 kwa umeme wetu wa volti 240 huvuta karibu ampea 23. Waya ya taa haiwezi mzigo huo, itapika ndani ya ukuta. Inataka waya yake yenyewe kutoka kwenye boksi, sisi tuliweka ya milimita 6 za mraba, swichi yake ya kukata, waya wa athi uliofika ardhini kweli, na kifaa cha kukata umeme ukivuja miliampea 30. Nyumba za zamani mara nyingi hazina athi kabisa, au ipo kwa jina. Ajiri fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, na umwombe akuonyeshe kibali. Hatachukia.

Maji yakikatika?

Tangi juu ya mnara. Kila mita moja ya kimo inakupa sehemu ya kumi ya baa tu (baa ni kipimo cha msukumo wa maji), kwa hiyo mnara wa mita 3 hutoa maji ya upole. Kuoga kunawezekana, lakini chagua hita inayokubali maji ya nguvu ndogo. Na tangi la choo liwe la vitufe viwili, lita 3 na 6. Lile la mnyororo lilimwaga lita kama 9 kila mara, hata kwa jambo dogo.

Harufu inarudi usiku.

Trapu imekauka. Maji yale ya sentimita 5 yanayobaki kwenye kona ya paipu ndiyo mlango wenyewe. Mwagieni kikombe cha maji. Ikirudi tena, paipu haina pumzi: inataka tawi linalopanda hadi juu ya paa.

Mzee wetu anaogopa kuteleza.

Taili za sakafu ziwe za kukwaruza, siyo za kung'aa, hata muuzaji aseme nini. Fimbo ya kushikia ifungwe kwenye tofali, siyo kwenye plasta, na mtu mzito wa familia aining'inie kabla ya mzee kuigusa. Kizingiti tulikiondoa, tukaweka mteremko.

Tuanze mwezi gani?

Epukeni Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Plasta haikauki, lori la mchanga linakwama uani. Sisi tulianza Desemba, shule zimefungwa, mikono mingi.

Ilichukua muda gani?

Tulisema wiki mbili. Ilichukua saba.

Mliacha kitu chochote cha zamani?

Dirisha la luva, tuliloloweka mafuta ya taa hadi likafunguka, kwa sababu hakuna feni inayotoa mvuke kama hewa ya ziwani. Na mnyororo wa tangi la choo, na mpini wake wa mbao uliochongeka kwa mikono ya watu. Mama mkwe aliuomba. Sasa unafungua na kufunga mlango wa banda la kuku.